Likizo ya Mtoto na Kumbukumbu za Mwalimu

Ipo desturi iliyoota mizizi katika shule zetu za msingi. Shule inapofunguliwa baada ya likizo, mwalimu wa Kiswahili huandika ubaoni kichwa cha insha: "Likizo Yangu". Kipindi kikiisha hukusanya madaftari, na anapoyapitia jioni huona kuwa amesoma insha moja mara sitini. Shule ilifungwa, mtoto akafurahi, akapanda basi kwenda kwa bibi, akapokewa kwa shangwe, akala maembe, akacheza na binamu zake, likizo ikaisha, akarudi shuleni. Mwalimu huhuzunika, akawalaumu wanafunzi kwa uvivu wa kufikiri. Maoni yetu ni kwamba watoto hawastahili lawama hiyo. Insha ile haikutungwa nao. Imetungwa na kumbukumbu za watu wazima. Watoto wameinakili tu.

Hatusemi kwamba kumbukumbu hizo ni mbaya. Wengi wetu tunaofundisha vyuoni leo tulisoma shule za msingi katika miaka ya 1980, na likizo zile zilichangia sana malezi yetu. Mathalani, sisi tuliokuwa na wazee katika bonde la Rufiji tulipelekwa huko mwezi wa Juni, mpunga ukiwa unaelekea kuvunwa. Mtoto alipewa kombeo na debe bovu, akapandishwa kwenye dungu, yaani kile kibanda kinachoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba, ili aamie ndege. Kazi hiyo ilianza kabla ya jua kuchomoza, kwa kuwa ndege hawamngojei mtu anywe uji. Mchana tulichomewa mihogo. Jioni bibi alimwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu", naye babu akamwita mjukuu wa kike "mke wangu", na kwa utani huo tulionywa makosa ambayo baba zetu wangeyaonya kwa fimbo. Hadithi zilingoja usiku. Mwezi wa Disemba, pepo za kaskazi zilipoanza kuvuma, ulikuwa mwezi wa maembe na korosho.

Katika siku hizo tulijifunza mengi bila kujua kuwa tunajifunza. Tulijua kwamba vibaba vinne hufanya pishi moja kwa sababu tulitumwa kupima mchele, na kwamba mikono minne ni pima moja kwa sababu tulishika ncha ya kamba ilipokuwa ikipimwa. Tulijua nani ni mjomba na nani ni baba mdogo, na kwa nini shangazi huamkiwa kwa heshima ya baba. Katika Elimu ya Kujitegemea, kijitabu alichokitoa mwaka 1967, Mwalimu Nyerere aliionya shule inayomfanya mwanafunzi aamini kwamba maarifa yote yenye thamani hutoka vitabuni au kwa watu waliosoma. Bibi ambaye hakuwahi kushika kalamu alikuwa mkufunzi wetu, na shule isiyomtambua mkufunzi huyo inajipunguzia hazina yake yenyewe.

Hata hivyo, kumbukumbu ni kama ungo. Hupeta, na tofauti yake na ungo wa bibi ni kwamba aghalabu hupeperusha punje pamoja na makapi. Tunakumbuka maembe, lakini ni nadra kukumbuka kwamba wavulana walipokwenda kuogelea, dada zetu walibaki wakichota maji, wakiosha vyungu na kubeba watoto wachanga migongoni. Tunakumbuka wali wa nazi, lakini hatujiulizi bibi mmoja aliwezaje kulisha wajukuu kumi kwa mwezi mzima, wala yeye mwenyewe alikula nini. Tunaikumbuka nyumba yake kana kwamba ilikuwapo tangu dunia kuumbwa. Kumbe watu wengi wa bonde la Rufiji walihamishiwa vijiji vipya kuanzia mwaka 1969, baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968. Na kati ya mwaka 1973 na 1976 mamilioni ya watu nchini walihamia vijijini katika Operesheni Vijiji. Nyumba tuliyoiona kuwa ya asili, kwa wazee wengi ilikuwa makazi mapya, nao walikuwa na utoto wao wa kuutamani, mahali pengine kabisa.

Basi, ikiwa kumbukumbu zetu hazisemi kweli yote juu ya utoto wetu wenyewe, zitawezaje kuwa kipimo cha utoto wa mtoto mwingine? Tulitazame darasa lililo mbele yetu. Yumo mtoto ambaye hakwenda kwa bibi, kwa sababu anaishi na bibi mwaka mzima. Wazazi wake wametangulia mbele ya haki, au wako mjini wakitafuta riziki. Yumo aliyeshinda likizo yote akiuza ndizi na karanga stendi ya mabasi. Yumo aliyechunga ng'ombe, na aliyelea wadogo zake. Yumo aliyefungiwa chumbani mjini na televisheni, kwa sababu wazazi wako kazini na mtaa haujulikani usalama wake. Yumo ambaye hakuwa na likizo kabisa: siku ya pili baada ya shule kufungwa alipelekwa tuisheni, akarudia sehemu zilezile hadi shule ilipofunguliwa. Yumo aliyefiwa.

Watoto hawa wote huutazama uso wa mwalimu na kutambua haraka anachokitaka. Kwa kuwa anataka basi, bibi na maembe, watampa basi, bibi na maembe. Hapa ndipo ulipo uzito wa jambo hili. Kubuni si kosa. Utungaji wa hadithi una mahali pake na vipindi vyake. Lakini mtoto anayeombwa aeleze maisha yake, naye akaona kwamba maisha yake hayafai kuandikwa, hujifunza mambo mawili yatakayomharibu kwa miaka mingi. Kwanza, hujifunza kwamba insha ni mahali pa kusema lisilotokea kwa maneno yaliyokwisha kutumika. Pili, hujifunza kwamba nyumba yao ni aibu. Hakuna sheria ya sarufi itakayoyafuta mafunzo hayo mawili.

Wapo watakaotupinga, na hoja zao hazifai kupuuzwa. Watasema kwamba darasa lina wanafunzi themanini na mwalimu ni mmoja. Watasema pia kwamba si kazi ya mwalimu kuchungulia mambo ya ndani ya nyumba za watu. Hoja hii ya pili ni nzito kuliko ile ya kwanza, nasi tunakubaliana nayo. Mwalimu hana haki ya kumlazimisha mtoto aanike huzuni yake mbele ya darasa. Lakini dawa yake si kuendelea na kichwa kilekile cha insha, kwani "Likizo Yangu" ndicho kichwa kinachochungulia kuliko vyote: kinadai mtoto aeleze yote, kisha hakimpi msaada wowote wa kuanzia. Dawa ni kuuliza jambo dogo, la hakika, ambalo kila mtoto analo.

Tunapendekeza, kwa hiyo, mwalimu aubadilishe mwito wake. Badala ya "Likizo Yangu", na aandike: "Eleza hatua kwa hatua kazi moja uliyoifanya au uliyoitazama ikifanywa." Aliyeuza karanga ataeleza namna ya kuzikaanga kwa mchanga zisiungue. Mchungaji ataeleza namna ya kumtambua ng'ombe aliyepotea kwa nyayo. Aliyefungiwa chumbani ataeleza jinsi mama anavyosuka nywele au fundi wa jirani anavyoziba pancha. Hakuna atakayekosa la kusema, na hakuna atakayelazimika kusema asilolitaka. Wakati mwingine mwalimu aombe maelezo ya chombo kimoja kilichomo nyumbani na kazi yake: kifuo, mbuzi ya kukunia nazi, kinu, jiko la mkaa.

Mazungumzo na yatangulie maandishi. Katika darasa kubwa, wanafunzi wakae wanne wanne, kila mmoja asimulie kwa dakika mbili, wenzake wamwulize maswali. Mwalimu apite akisikiliza na kuandika ubaoni maneno mazuri atakayoyasikia. Kwa njia hii hata darasa la watoto themanini huzungumza lote ndani ya kipindi kimoja, na kila mtoto huanza kuandika akiwa na sentensi zake mwenyewe kinywani.

Masomo mengine nayo yanufaike. Vibaba na pishi viingie katika hisabati pamoja na lita na kilo. Kaskazi na kusi, vuli na masika viingie katika jiografia kabla ya ramani za nchi za mbali. Na tunapofundisha familia, picha ya baba, mama na watoto wawili isiwe ndiyo familia pekee itakayobandikwa ukutani. Mtoto anayelelewa na bibi au na mama mkubwa naye ana familia, na picha yake istahili gundi ileile.

Katika kusahihisha, mwalimu ajibu kwanza yaliyosemwa, ndipo aje kwenye herufi kubwa na nukta. Swali moja pembeni mwa ukurasa, kama vile "Mchanga huo hupatikana wapi?", humwonyesha mtoto kwamba amesomwa. Asisome insha ya mtoto kwa sauti bila ridhaa yake. Na ikiwa maandishi yatafichua kwamba mtoto anapigwa, ana njaa au anadhuriwa kwa namna nyingine, jambo hilo lisiwe porojo ya chumba cha walimu. Lipelekwe kwa mwalimu mkuu, na kwa msaada wake lifikishwe kwa afisa wa ustawi wa jamii.

Neno la mwisho ni juu ya likizo yenyewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu chake cha 31, unatambua haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza. Jirani zetu wa Kenya walipiga marufuku masomo ya likizo katika Sheria yao ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Haifai mwalimu amnyang'anye mtoto siku zake za kupumzika, kisha siku ya kufungua shule amtake aandike jinsi alivyozifurahia.

Ndugu wanachuo, karibuni mtakwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, na baadhi yenu mtapokea madarasa yaliyotoka likizo siku hiyohiyo. Chukueni kumbukumbu zenu, kwa kuwa ni mali yenu halali. Wasimulieni watoto juu ya dungu na kombeo, au juu ya chochote kilichowalea ninyi, pamoja na uchovu wake na machozi yake. Lakini mkishamaliza kusimulia, wekeni chaki chini, mkae kimya, mwasikilize.