KITANDA CHA KUTUNGIKA KISITULETEE HAMAKI



Kila mutu hapa anakijua kile kitanda cha kitambaa kilichonunuliwa katika mitumba soko la Baraka, na ambacho siku hizi kinafungwa kati ya miembe nyuma ya nyumba ya kulala ya vijana. Wafaransa wanakiita hamac. Wengine kati yetu wanasema "hamaki", na wamepata neno bila kulitafuta, sababu tangu kilipofika kimeleta hamaki ya kweli. Wakubwa wanakikalia tangu masomo yanapoisha mpaka kengele ya chakula. Wadogo wanangojea wamesimama. Mwembe mumoja umekatwa ganda. Na juma lililopita mutoto wa mwaka wa saba alianguka kwa mugongo kamba ilipokatika. Basi kuna wanaosema: kifungiwe ndani ya depo, na mambo yaishe.

Mimi sikubali. Kisifungiwe. Lakini kisitumike tena namna hii.

Kwanza, kosa si la kitanda, ni la kufunga. Wanaokifunga wanavuta kamba mpaka inyooke kama kamba ya kuanikia nguo, wakizani kwamba ikikazwa sana njo inakuwa na nguvu. Sivyo. Sisi tuliofika kwenye trigonometri tunaweza kuhesabu. Mutu wa kilo 60 akilala, na kila kamba ikishuka kwa pembe ya digri 30 kutoka usawa wa ardhi, kila kamba inavutwa kwa uzito wa kilo 60. Pembe ikiwa digri 10, kila kamba inavutwa karibu kilo 173. Ikiwa digri 5, ni zaidi ya kilo 340. Mutu ni yuleyule, hakuongeza hata tonge moja la bugali. Ni kamba tu iliyokazwa. Ndiyo maana ilikatika, wala tusiseme ule mutoto ni muzito.

Namna ya kufunga ni hii. Chagua miti miwili yenye nguvu, iliyoachana hatua ine ao tano. Mwembe unafaa. Mupapai na mugomba hapana kabisa, ndani ni laini. Tazama juu: tawi kavu, ao maembe wakati wa msimu, vyote vinaangukia anayelala. Kwenye muti usizungushe kamba nyembamba, bali mukanda mupana wa vidole vitatu ao vine, sababu kamba nyembamba inakata ganda, na chini ya ganda njo chakula cha muti kinapita. Ganda likikatwa kuzunguka muti wote, mizizi inakosa chakula na muti unakufa. Miembe ile ilipandwa na watu waliotutangulia, na kivuli chake ni cha watakaotufuata. Acha kitambaa kilegee katikati, na mutu akikaa kisipite urefu wa kiti. Tena, kwa kuwa ni kitu cha mitumba, kikunjue mbele ya jua utazame matundu, vuta mishono yote kwa mikono, kisha weka ndani gunia la muchanga lenye uzito kuliko mutu mukubwa wetu. Likishikwa vizuri, na mutu atashikwa.

Pili, nimesikia kwamba kitanda hiki ni kitu cha Wazungu, tena cha wavivu. Si kweli. Mwaka 1492, Christopher Columbus alipofika visiwa vya Amerika, aliwakuta wenyeji wakilala ndani ya vitanda vya nyuzi vilivyotungikwa, na neno hamac linatoka katika luga ya watu wale, Wataino. Mabaharia wa Ulaya waliwaiga, wakatungika vitanda vyao ndani ya meli. Hata hapa kwetu Fizi, mwaka 1965 Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma mpaka Kibamba, akakaa milimani miezi saba hivi. Katika kitabu chake cha vita vya porini cha mwaka 1960 alikuwa amekwisha kuhesabu kitanda cha kutungika kati ya vitu ambavyo mupiganaji anapaswa kubeba. Mimi sisifu vita, sisi wa huku tunajua matunda yake. Nasema tu kwamba kitu ambacho baharia na askari walikitegemea hakiwezi kuitwa cha uvivu. Mwanafunzi aliyechota maji, akalima shamba la shule na kusoma mpaka saa nane, akipumzika kidogo hajamuibia mutu.

Tatu, na hili njo kubwa: nani analala? Wazee wetu walikijua kitu cha kubeba mutu juu ya mabega. Walikiita kipoyi. Wakati wa Wabelgiji, mukubwa wa serikali alikaa juu yake, na wanaume ine walimubeba kupanda milima. Jina langu la kazi, kapita, ni la siku zilezile, sababu kapita alisimamia wafanya kazi na wapagazi. Lakini kuna kipoyi kingine, na hicho hakijaisha. Katika vijiji vya mulimani ambako motokari haifike, mugonjwa ao mama mwenye uchungu wa kuzaa anabebwa na majirani mpaka hospitali ya Fizi, Nundu ao Baraka. Mwaka 1873 David Livingstone, akiwa mugonjwa sana, alibebwa hivyo na Chuma na Susi na wenzao mpaka kijiji cha Chitambo, ambako alikufa. Katika daftari lake aliandika kile walichomubebea kwa neno letu: kitanda.

Kwa hiyo vipoyi ni viwili. Cha kwanza, mudogo anamubeba mukubwa kwa sababu ni mukubwa. Cha pili, wenye nguvu wanamubeba asiye na nguvu. Sisi wafinalisti tuchague chetu. Kumwambia mutoto wa mwaka wa saba "toka, mimi ni mukubwa wako", huku yeye njo aliyetumwa kufunga kamba, ni kurudisha kipoyi cha kwanza shuleni.

Naomba mambo ine. Kila mutu alale kwa zamu ya dakika 15, kufuata orodha, na orodha ishikwe na mwanafunzi wa mwaka wa saba ao wa nane, si kapita. Wanafunzi wasichana wapewe siku zao, kati ya miti ya upande wao. Jioni kifunguliwe kabla mbu hawajatoka, kikunjwe kikiwa kikavu, kiwekwe pahali ambapo kila mutu anapajua pamoja na muti murefu wenye nguvu. Ni kwa sababu usiku mwenzetu akigonjwa tunamubeba mugongoni mpaka njia kubwa, na kumbe tukipitisha muti ule katika vitanzi viwili vya kitanda, watu wawili wanamufikisha amelala. La mwisho, mwalimu mumoja akikague kila juma, mishono na mikanda.

Wakubwa wenzangu wakikataa orodha, basi mimi mwenyewe nitamuomba Bwana Prefe akifungie depo. Afazali kikose wote kuliko kiwe cha wachache. Lakini nawajua, na ninaamini hatutafika pale.

Kapita wa shule, finalisti