Gari Linalokula Oili: Tupime Kabla ya Kushusha Injini

Ni mashine chache anazoziona kila siku kijana wa shule ya sekondari zinazokusanya kanuni nyingi za fizikia na kemia mahali pamoja kama injini ya gari. Hata hivyo, injini hiyo inapoanza kula oili kupita kiasi, kanuni hizo husahauliwa upesi. Mmoja husema, "Weka oili nzito." Mwingine husema, "Turbo imekufa." Wa tatu hushauri injini ishushwe na kufunguliwa. Kila shauri lina gharama yake, na mara nyingi hakuna aliyepima chochote. Hoja ya makala haya ni moja: kipimo kitangulie spana. Katika nchi yetu, ambako magari mengi ya watu binafsi huingia yakiwa yamekwisha kutumika ng'ambo, na historia ya matunzo yake mara nyingi haijulikani, kipimo hicho si anasa. Ni ulinzi wa kwanza wa fedha ya mnunuzi.

Tuanze na turbo yenyewe. Hii ni feni mbili zilizofungwa kwenye mhimili mmoja. Gesi moto itokayo kwenye silinda huizungusha feni ya kwanza. Feni ya pili husukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda, ili petroli nyingi zaidi iweze kuungua. Mhandisi Alfred Büchi wa Uswisi alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905, na magari madogo ya petroli yenye turbo yalianza kuuzwa Marekani mwaka 1962. Mhimili huo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nao huelea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikipungua mno, utando huo hukatika, turbo huharibika, na injini nzima huingia hatarini.

Sasa tulitazame gari la namna hiyo likipanda kutoka Muheza, iliyo mita 200 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi Amani na Kwamkoro katika Usambara ya Mashariki, kwenye mita 900 hivi. Kanieneo ya hewa, ambayo pwani ni karibu kilopaskali 101, huko juu hupungua hadi karibu 91. Turbo hulazimika kuzunguka kasi zaidi ili kufidia upungufu huo. Gari linaposhuka, mambo hugeuka: dereva huachia pedali ya mafuta, mlango wa hewa hufungwa, na injini inayoendelea kuzungushwa na magurudumu hufanya ombwe kubwa katika njia ya kuingizia hewa. Basi mlima mmoja huipima injini mara mbili, kwa msukumo wakati wa kupanda na kwa mvuto wakati wa kushuka. Anayekaa Lushoto, Soni au Mombo anayo maabara kama hiyo mlangoni pake.

Moshi wa samawati ukitoka baada ya mteremko mrefu, mara dereva anapokanyaga mafuta tena, yafaa kushuku kwamba ombwe limevuta oili kupitia sili za vali zilizochakaa au ringi za pistoni zilizoganda. Moshi ukitoka wakati gari linapanda likiwa limelemewa, yafaa kushuku gesi inayovuja kupita ringi na kujaza tumbo la injini, au kasoro ya turbo. Dereva asigeuke kutazama. Kazi hiyo aachiwe mwenzake. Tena asidanganywe na mvuke mweupe wa asubuhi ya baridi. Petroli inapoungua hutoa maji pamoja na hewa ya kaboni, na maji hayo huonekana kama ukungu mpaka bomba lipate joto.

Lakini jicho peke yake halitoshi. Magari ya siku hizi yana kichocheo ndani ya bomba la kutolea moshi, nacho huweza kuunguza mvuke wa oili hata moshi usionekane. Kwa hiyo tunahitaji namba. Gari lisimamishwe mahali tambarare, injini iwe imepata moto kisha izimwe kwa dakika 5 hadi 10. Kijiti cha kupimia kifutwe, kirudishwe, kisomwe. Oili ijazwe hadi alama ya juu, na kilomita ziandikwe. Baada ya safari za kawaida za kilomita mia kadhaa, kipimo kirudiwe vilevile, na oili ya kurudisha alama ile ile ipimwe kwa silinda ya kupimia ya maabara. Tuchukulie kwamba gari limekwenda kilomita 600 na limehitaji mililita 450. Gawanya, kisha zidisha kwa 1000: gari hilo linakula mililita 750 kwa kila kilomita 1000. Katika injini nyingi nafasi kati ya alama mbili za kijiti ni lita moja hivi. Dereva huyo akikaa kilomita 1300 bila kukagua, amekwisha kufika alama ya chini.

Je, kiasi hicho ni kikubwa? Injini nzima hutumia kidogo sana, na wapo watengenezaji wanaoruhusu hadi nusu lita, wengine hata zaidi, kwa kila kilomita 1000. Kwa hiyo wanaosema kwamba turbo lazima ile oili hawakukosea kabisa. Kosa lao ni kutosema kiasi gani. Jambo la kulifuatilia zaidi ni mwendo wa namba: daftari likionyesha kwamba matumizi yanaongezeka mwezi hata mwezi, kuna ugonjwa. Tena kijiti kinukishwe. Kikinuka petroli, huenda mafuta ya injini yanachanganyika na oili na kuficha upungufu wake, hasa kwa gari la safari fupi zisizoipa injini nafasi ya kupata moto.

Baada ya namba ndipo tutafute chanzo, tukianza na kilicho rahisi. Kwanza, uvujaji wa nje. Pili, vali ndogo ya kutoa gesi katika tumbo la injini. Utando wake ukichanika, ombwe huivuta oili moja kwa moja hadi silindani. Ikishindwa kujifunga wakati wa kupanda, msukumo wa turbo huingia tumboni na kuisukuma oili nje. Tatu, bomba la kurudisha oili kutoka kwenye turbo. Likiziba, oili hukosa pa kwenda ila kupita kwenye sili. Hapa turbo nyingi zisizo na hatia huhukumiwa. Fundi huona oili ndani ya bomba la hewa, turbo mpya hununuliwa, nayo huvuja kama ile ya kwanza, kwa kuwa kosa halikuwa lake. Kipimo cha mgandamizo wa silinda kifuate, na kushusha injini kuwe hatua ya mwisho.

Zipo injini ambazo hatua hiyo haiepukiki. Nchini Marekani, katika miaka ya 2010, wenye magari ya Audi yenye injini ya turbo ya lita 2.0 walifungua mashtaka juu ya ulaji wa oili, na shauri likaisha kwa mapatano. Kwa injini za namna hiyo, ringi za kukwangua oili huweza kuziba kwa masizi hata gari lisipokuwa la zamani sana. Hata huko, mwenye gari alitakiwa kwanza apimiwe matumizi ya oili kwa kilomita zilizohesabiwa.

Na ile oili nzito? Ikizidi kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha gari, hupunguza moshi kwa muda, lakini huchelewa kufika kwenye mhimili wa turbo asubuhi ya baridi. Muuzaji asiye mwaminifu aweza kuitumia kuficha kasoro hadi fedha zilipwe. Dawa bora ni oili ya daraja lililoagizwa, ibadilishwe mapema, na injini iachwe ingurume polepole kwa dakika moja au mbili baada ya kupanda mlima, ili oili isiungulie ndani ya turbo moto.

Jambo hili halimhusu mwenye gari peke yake. Fosforasi iliyomo katika oili hufunika madini ya kichocheo na kukiua, kisha gesi zenye sumu hutoka bila kuchujwa. Na oili inayomwagwa ovyo gerejini hufuata mvua. Maji ya misitu ya Amani hushuka katika mto Zigi, na mto huo hujaza bwawa la Mabayani linaloupatia maji mji wa Tanga. Tone linaloachwa mlimani laweza kufika katika mtungi wa mtu wa pwani.

Kwa hiyo twatoa rai kwa walimu wa fizikia na kemia: gari la shule au la jirani liwe somo. Mwanafunzi apewe kijiti, silinda ya kupimia, daftari na muhula mmoja, kisha achore grafu ya mililita dhidi ya kilomita. Mafundi wetu wana mikono hodari. Wakiletewa grafu hiyo, watajua waanzie wapi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hata ufa hauzibwi kabla haujulikani ulipo.