Taa ya Birika Ikiwaka

Jumapili iliyopita, tukitoka Emali kwenda Kimana, taa nyekundu mfano wa birika iliwaka kwenye dashibodi. "Tutafika tu," akasema mume wangu. Nikamsihi azime injini papo hapo. Taa hiyo, msomaji, huonya kwamba oili haisukumwi vyema kwenye vyuma, na injini yaweza kukwama baada ya dakika chache. Tukachomoa dipstiki: kavu! Tulivutwa kwa kamba na lori lililokuwa likienda kupakia nyanya.

Ile ya manjano ya injini hukupa muda wa kumwona fundi, ila ikiwaka na kuzimika, simama. Nayo ya joto ikiwaka, usithubutu kufungua kifuniko cha rejeta kabla injini haijapoa.

Watoto wetu sasa wanazijua zote. Baba yao bado anabishana nazo.