Besi Yangu Haihitaji Uzi wa Tano

Kila nikishuka matatu pale Kola na amplifaya yangu, lazima msee mmoja aulize: "Buda, bado unabeba hiyo friji?" Kisha anageukia gita, anahesabu nyuzi, zinaishia nne, anacheka. Siku hizi mpiga besi asiye na nyuzi tano anatazamwa kama mtu anayetafuta kibanda cha simu.

Sawa, cheka. Ukimaliza, keti nikueleze.

Besi yangu ni ya nyuzi nne, umbo la Fender Precision, ingawa si Fender. Niliinunua Nairobi ikiwa imeshapitia mikono kadhaa. Amplifaya ina spika moja ya inchi 15. Makanga hunitoza nauli ya watu wawili, na nalipa. Watu hudhani ni ufukara. Hapana, nimechagua.

Tuanze na nyuzi. Uzi mnene wa besi ya kawaida, ukipigwa wazi, hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Uzi wa tano hushuka hadi 31 hivi. Studioni hiyo ni raha tupu. Lakini njoo Kalama siku ya harambee: hema liko mteremkoni, umeme ni wa jenereta, spika ni za kukodi. Spika nyingi za aina hiyo haziwezi kuitoa hiyo 31 ikiwa safi. Wewe umepiga noti, watu wamesikia lori likipanda mlima.

Na benga haitaki mngurumo. Besi ya benga hailali chini ya wimbo kama mkeka. Inatembea, inakatakata, inajibizana na solo. Rudi kwa Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, usikilize kwa spika ya maana, si ya simu, maana ya simu inameza besi yote. Ufuate ule mwendo wa chini mpaka wimbo uishe. Kisha uniambie ni wapi palipokosekana uzi wa tano.

Amplifaya nayo ina maadui wake. Fundi wa mitambo ataniambia, "Chomeka moja kwa moja kwa mikisa, utasikika tu." Nitasikika na nani? Niliwahi kumtii fundi mmoja kwenye harusi. Katikati ya shoo akanipunguza ili mwimbaji asikike, mimi nikabaki nasugua nyuzi kama mtu anayefua. Mpiga ngoma akapoteza mwendo, shosho waliokuwa wakicheza wakarudi vitini. Jioni mwenye bendi akanikata pesa. Tangu siku hiyo friji yangu husimama nyuma yangu. Nikipiga, mpiga ngoma ananisikia mgongoni. Fundi akitaka kuongezea kwa mikisa, aongeze.

Nakubali, wapo wanaouhitaji uzi wa tano. Ukipiga nyimbo za injili zinazofuata kinanda, unahitaji noti zilizo chini ya uzi wangu wa nne. Nunua, ndugu yangu, na uupige vizuri. Ninachopinga ni kuufanya kibali cha kazi.

Maana hapo ndipo mchezo unageuka ngori. Mwenye bendi anasema, "Bila nyuzi tano usije." Kijana wa kijijini, ambaye besi ya nyuzi nne ameijua vizuri, anakopa kwa simu. Ananunua gita linalong'aa, pesa zinaisha kabla ya amplifaya, anachomeka kwa mikisa, anazimwa. Kisha mwenye bendi analalamika kwamba besi haisikiki, ananunua kinanda, na besi inakuwa kitufe. Kijana anabaki na deni. Hii ndiyo njia tunayomalizwa nayo, na sisi wenyewe tunasaidia kwa kuchekana.

Wanaonicheka hupenda kunitajia Marekani. Basi tuiendee. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za Motown kule Detroit miaka ya 1960, alitumia Fender Precision ya nyuzi nne, akizipiga kwa kidole kimoja. Anasifika pia kwa kutopenda kubadilisha nyuzi zake, eti zile kuukuu ndizo zilizokuwa na sauti. Hakuna aliyemwambia arudi nyumbani akatafute ya tano.

Na sisi Wakamba sauti ya chini hatukuifundishwa na duka la vyombo. Kabla gita halijafika huku, kilumi kilikuwa na ngoma zake, na waliozipiga walijua ngoma gani inafaa shughuli gani. Hawakupewa orodha na mtu aliyekodi hema.

Kwa hivyo wenye bendi, tuulizeni tunapigaje, si tunabeba nyuzi ngapi. Tupeni dakika kumi za kujaribu sauti kabla wageni hawajaketi. Mkiniita, nitakuja na nne zangu na friji yangu. Ile nauli ya mtu wa pili, lakini, ni juu yenu.