Shinikizo la Gesi Lisipotee Bure

Wakazi wa mitaa ya mashariki mwa Nairobi, kuanzia Kariobangi na Umoja hata Embakasi, ambao aghalabu hupikia gesi ya mtungi na kununua tokeni za umeme kidogo kidogo, wana haki ya kutoa rai yao kuhusu bomba la gesi asilia la kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa, ambalo Kenya na Tanzania zilitia saini makubaliano yake ya awali mwezi Mei 2021. Kwani gesi hiyo yaweza kuzalisha umeme, na umeme wa pwani na wa bara hupita katika gridi moja.

Gesi husafirishwa ikiwa imeshindiliwa, na shinikizo lake katika mabomba makuu huweza kuzidi mara 50 lile la hewa tuivutayo, hivyo nguvu iliyotumika kuishindilia hubaki ndani yake mithili ya amana. Ifikapo penye matumizi, kwa desturi hupitishwa katika vali ya kupunguza shinikizo, na amana ile ikapotea pasipo kumfaa mtu. Ilhali gesi hiyo hiyo, lau ingepitishwa katika turbini ya mtanuko, ingetanuka ikiyasukuma mapanga ya gurudumu, nalo gurudumu likazungusha jenereta.

Ugumu wa shauri hili ni baridi. Gesi inayotanuka huku ikifanya kazi hupoa mno, basi haina budi kupashwa moto kwanza, isije ikaziba bomba kwa barafu, na moto wa kununua huweza kuila faida. Lakini penye mtambo wa umeme wa gesi, joto la moshi wake, ambalo vinginevyo lingetupwa angani, laweza kuifanya kazi hiyo. Wala baridi yenyewe si adui daima: mwaka 1939 mwanafizikia Mrusi Pyotr Kapitsa alieleza jinsi turbini ya namna hii inavyoweza kuigeuza hewa kuwa kimiminika, na ni katika hewa iliyopozwa hivyo ndimo hutengwa oksijeni nyingi ya mitungi, kama ile wanayochomelea mafundi wa jua kali.

Sisi si wageni wa maarifa haya, maadamu tangu mwaka 1981 mvuke wa Olkaria umekuwa ukitanuka ndani ya turbini na kutupatia umeme. Naisihi basi Wizara ya Kawi, kabla bomba halijalazwa ardhini, iandike katika mkataba kwamba kila kituo kikubwa cha kupunguza shinikizo kipimwe kwanza kama chafaa kuwekewa turbini, na matokeo yake yatangazwe kwa wananchi.