Kwa Nini Muuguzi wa Macho Hashiki Kisu?

Mwezi huu tuzungumze jambo linalowaudhi wengi hapa Ifakara. Mama anampeleka mkwewe mzee, mwenye mtoto wa jicho, kwa muuguzi wa macho. Muuguzi anampima kwa ule ubao wa herufi, anammulika, kisha anaandika barua: aende kwa daktari wa upasuaji. Njiani tunanung'unika. Kama anayajua yote hayo, mbona asimalize kazi?

Si kiburi. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inamtaka kila muuguzi asajiliwe na Baraza lao na awe na leseni. Aliyeongeza masomo ya macho, kama yale ya KCMC kule Moshi, anajua mengi kuliko mwenzake wa wodini, lakini kisu cha mtoto wa jicho hakumo mikononi mwake. Kisu hicho walipewa madaktari bingwa na, kwa kuwa hao walikuwa wachache mno mikoani, madaktari wasaidizi waliosomea macho.

Hata hivyo mipaka hiyo huweza kusogezwa. Trakoma inapopindua kope hata nywele zikalikwaruza jicho, Shirika la Afya Duniani linakubali upasuaji wa kope ufanywe na wauguzi waliofundishwa kazi hiyo. Huko Uingereza wauguzi sasa huchoma sindano za dawa ndani ya jicho lenyewe, kazi iliyokuwa ya madaktari peke yao. Kwanza yalipangwa mafunzo, usimamizi na mtu wa kuwajibika mambo yakiharibika. Sisi tungependa sheria yetu nayo ipimwe kwa macho ya mama wa Mlimba au Malinyi. Daraja la mto Kilombero lilifunguliwa mwaka 2018, na kivuko tumekisahau, lakini nauli haijasahaulika! Barua ya rufaa isiyo na nauli huishia chini ya godoro, na bibi anaendelea kushikwa mkono na mjukuu ambaye angekuwa shuleni.

Kwa hiyo mnapopewa barua, ulizeni papo hapo: tuende wapi, siku gani, gharama kiasi gani? Muuguzi hatachukia.

Tena yapo mengi ambayo muuguzi anaweza, nasi tunayapita kwenda kwa jirani. Msimu wa kuvuna mpunga, suke likimchoma mtu jichoni, msitie maji ya majani wala maziwa ya mama, na msinunue dawa ya matone dukani kwa kukisia. Baadhi ya matone hayo huzidisha kidonda hata jicho likapotea. Nendeni siku hiyo hiyo.

Na mama mwenye mtoto mchanga, mtazame mboni zake mchana. Ukiona weupe katikati, usingoje akue. Huenda ni mtoto wa jicho, huenda ni kansa. Mpeleke wiki hiyo hiyo, hata kama halii na anacheza vizuri.