Maziwa ya mbuzi si dawa ya aleji ya mtoto

Mtoto mchanga wa jamaa zetu walioko Lewisville, kaskazini ya Dallas, akitapika maziwa ya kopo au akitoka vipele, simu huanza kulia kutoka Muscat na Dubai. Bibi mmoja anasema mpeni ya mbuzi, ni mepesi. Mwengine anasema ya ngamia, ndiyo waliyokulia wazee wetu. Nia ni njema, lakini nasema wazi: ushauri huu unaweza kumdhuru mtoto.

Aleji, au hasasia kama wengi wetu tunavyoiita, ni mwili kuzipiga vita protini za maziwa. Huwapata watoto wachanga kama wawili au watatu katika kila 100. Protini za mbuzi zinafanana mno na za ng'ombe, kwa hiyo wengi sana wanaodhuriwa na maziwa ya ng'ombe hudhuriwa na ya mbuzi pia. Tena maziwa ya mbuzi yana foleti kidogo, na mtoto anayelelewa kwa hayo peke yake huweza kupungukiwa na damu.

Ngamia, kweli, yuko mbali zaidi: maziwa yake hayana beta-laktoglobulini, moja ya protini zinazowasumbua watoto hawa. Lakini hayatoshi kuwa chakula cha mtoto wa chini ya mwaka, na yakiwa mabichi yanaweza kuleta homa ya brusela. Soya nayo huwadhuru baadhi yao. Na maziwa yaliyotolewa laktosi hayasaidii kitu: laktosi ni sukari, shida yetu ni protini.

Basi afanyeje mama? Anayenyonyesha aendelee. Daktari akimwambia aache maziwa wiki mbili hadi nne, akumbuke kuwa samli, mtindi, jibini, chai ya maziwa na hata halwa yetu yenye samli zimo humo. Wa kopo atafute lenye protini zilizovunjwavunjwa kabisa, maana zilizovunjwa kidogo tu hazitoshi. Aleji ikiwa kali, daktari humwandikia la amino asidi.

Makopo haya ni ghali, na najua ndipo wengine hukimbilia mbuzi. Lakini Texas ina sheria inayozitaka bima nyingi za afya zigharimie maziwa ya amino asidi kwa mwenye aleji ya protini za vyakula kadhaa, daktari akiandika kuwa yanahitajika. Familia za kipato kidogo zina mpango wa WIC, nao hutoa maziwa maalumu kwa karatasi ya daktari. Kaombeni, ni haki yenu.

Mtoto akivimba uso au akipumua kwa shida, msimpigie bibi, pigeni 911. Vyengine vyote vina subira: wengi wao hupona kabla ya kuanza skuli.